Kukadiria umbali na saa za ndege: mfano wa Tokyo na Los Angeles

Ndugu akisafiri mbali, mimi ndiye ninayepigiwa simu: "Atafika saa ngapi?" Kabla sijajibu, hufanya hesabu yangu mwenyewe. Nachukua Tokyo na Los Angeles, kwa sababu njia hiyo ina karibu kila kinachowachanganya watu.

Ramani ya ukutani iweke kando. Chukua tufe la dunia, uvute uzi ukaze kati ya miji hiyo miwili. Yote miwili iko karibu na digrii 35 kaskazini mwa ikweta, lakini uzi utapanda hadi karibu digrii 48. Hiyo ndiyo njia fupi, na marubani huifuata kadiri upepo na ruhusa za anga zinavyoruhusu. Ulinganishe urefu wake na ikweta ya tufe hilohilo, ambayo duniani ni kilomita 40,075. Utapata kama kilomita 8,800. Ukipata zaidi ya 20,000 kidogo, pima upya, maana hakuna miji iliyoachana kupita nusu ya mzingo wa dunia.

Gawanya kwa 900, mwendo wa kawaida wa ndege kubwa kwa saa, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Hapa ni saa 10 na dakika chache.

Sasa upepo. Kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, mkondo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi huzidi nguvu. Kwenda Los Angeles unaisukuma ndege. Kurudi Tokyo unaikabili, na safari hukaribia saa 12. Kwa hiyo saa za kwenda usizinakili kuwa za kurudi.

Angalia pia anga zilizofungwa. Tangu 2022, ndege za Helsinki kwenda Tokyo zinaikwepa Urusi, na safari ya saa 9 na nusu hivi ikawa karibu saa 13. Uzi kwenye tufe hautakuonyesha hilo.

Linaloumiza watu zaidi ni saa za tiketi, kwa kuwa kila moja ni ya mji wake. Mimi hurudisha zote kwenye UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia ambayo saa za miji yote hupimwa kwayo. Tokyo iko mbele kwa saa 9 mwaka mzima; Los Angeles iko nyuma kwa 8 wakati wa baridi, 7 wakati wa kiangazi. Ndege ikiondoka Tokyo 17:00 mwezi Januari, yaani saa 11 jioni, ni 08:00 UTC. Ongeza 10, unapata 18:00 UTC, na Los Angeles ni 10:00, saa 4 asubuhi ya siku ileile! Amefika "kabla" ya kuondoka, kwa sababu amevuka mstari wa tarehe, ule wa kubuni katika Bahari ya Pasifiki ambapo tarehe hubadilika.

Akirudi, siku hiyo hulipwa: akiondoka Jumatatu mchana, anatua Jumanne. Anayekwenda kumpokea, mimi humwandikia saa, siku na tarehe za mji wa kutua, si saa peke yake.