Hoteli ya Kulala Tu: Safari ya Gari na Watoto Japani

Naishi Aichi, mkoa wa viwanda vya magari, na shule zikifungwa sisi hushika barabara. Mara nyingi tunaelekea magharibi, Himeji, Onomichi hadi Hiroshima. Mara nyingine tunapanda milimani Takayama. Watoto ni watatu: mkubwa yuko darasa la pili, wa kati hajaanza shule, kitinda mimba bado yuko kwenye nepi. Jamaa zetu wa Tanga na wa Muscat wakija kututembelea huniuliza tutalala wapi, na wanategemea nitataja zile nyumba za wageni za kimila zenye milango ya karatasi. Siwapeleki huko. Kule unatozwa kwa kichwa, chakula cha jioni kina saa yake, vibakuli vinapangwa kimoja kimoja mbele ya mtoto ambaye ameshaanza kulia usingizi, na ile karatasi ya mlango inangoja kidole cha kuitoboa. Mwenye watoto wadogo atafute hoteli ya kawaida ya kando ya barabara: kitanda, bafu, maegesho, basi.

Ila ujue ipi ni ipi. Karibu na njia za kutokea barabara za kulipia utaona majengo yanayometameta taa, mengine yamejengwa kama kasri, na bango lina bei mbili, ya kupumzika na ya kulala. Hizo ni gesti za wapenzi. Zina vitanda vikubwa na bafu zuri kweli, lakini sizo ninazozisema hapa, na watoto wataanza kuuliza maswali mlangoni.

Ninazozisema ni za aina mbili tatu. Zipo hoteli za wasafiri wa kazi, kama Route Inn, ambazo wageni wake wakubwa ni mafundi wa ujenzi na watu wa mauzo. Ipo Family Lodge Hatagoya, iliyofuata mtindo wa moteli za Marekani; ya kwanza ilifunguliwa Kinugawa, huko Nikko, mwaka 1995. Chumba chake kina vitanda viwili vipana na bei ni ya chumba. Hatagoya nyingine ziko ndani kabisa ya vituo vya mapumziko vya barabara ya kulipia, kama ile ya Miyajima, kwa hiyo unalala bila kutoka barabarani. Halafu tangu 2020 kuna Fairfield by Marriott zilizojengwa jirani na michi-no-eki, vile vituo vya barabarani vyenye soko la mazao na choo cha saa 24. Hazina mgahawa kwa makusudi, ili mgeni akale mtaani.

Wakati wa kuweka nafasi, macho yako yawe kwenye upana wa kitanda kwanza, bei baadaye. Chumba kinachoitwa semi-dabo kina kitanda cha sentimita 120 hivi, na humo watu wazima wawili wanalala wamebanana hata kabla hujaongeza mtoto. Tafuta vitanda viwili vilivyounganishwa, wenyewe wanaita Hollywood twin. Unamlaza mtoto katikati, na ule mfereji baina ya magodoro unauziba kwa blanketi lililokunjwa. Hoteli nyingi humruhusu mtoto ambaye hajaanza shule kulala na wazazi bure, baadhi hata wa shule ya msingi. Hata hivyo mwandike kwenye fomu na umri wake. Idadi ya watu chumbani ni jambo la usalama wa moto, na mpokezi wa Kijapani hatakuonea haya kukuambia mmezidi. Hakikisha pia pana alama 禁煙, maana yake hakuvutwi sigara. Hoteli hizi bado zina vyumba vya wavutaji, na harufu ile haiondoki kwa kufungua dirisha, tena mara nyingi dirisha lenyewe linafunguka upana wa kiganja.

Kingine ni maegesho. Hoteli za katikati ya mji huwa na mnara wa kupandisha magari kwa lifti, na mingi haipokei gari lenye kimo cha zaidi ya mita 1.55. Noah, ambayo Watanzania hawahitaji kufahamishwa, ina zaidi ya mita 1.8. Ndiyo sababu napenda za kando ya barabara: uwanja wa wazi, na kila usichokihitaji usiku unakiacha garini. Tunapakia begi moja dogo la usiku kwa familia nzima, nguo za kulala, nepi na nguo za kesho, na masanduku makubwa hayashuki kabisa. (Kwa walionunua gari bandarini Dar au Mombasa: ile sauti ya mwanamke inayozungumza Kijapani kila ukiwasha gari inakukumbusha kwamba hujaingiza kadi ya ETC, ya kulipia barabara. Huku utaiingiza, na atanyamaza.)

Mtoto aliye chini ya miaka 6 lazima akae kwenye kiti cha watoto, ni sheria tangu mwaka 2000. Ukikodi gari, kiti hicho kiombe siku ile ile unapoweka nafasi. Leseni uishughulikie mapema zaidi: kibali cha kimataifa kinachokubalika ni cha Mkataba wa Geneva wa 1949, na si kila nchi yetu iliuridhia, kwa hiyo uliza ubalozi wa Japani kabla ya kukata tiketi.

Sasa jioni yenyewe, hapa ndipo safari inapoharibika au kupona. Vyumba hufunguliwa saa tisa alasiri. Ukifika saa tisa una watoto wenye nguvu zote ndani ya chumba kisicho na nafasi hata ya kukimbia hatua nne. Sisi hufika saa kumi na mbili, watoto wameshachoka na wameshakula. Saa kumi, kumi na moja tunasimama michi-no-eki, kwa sababu maduka yake mengi hufungwa saa kumi na moja au kumi na mbili. Wanakimbia kwenye nyasi, tunanunua machungwa na nyanya. Kisha chakula cha moto njiani: udon, zile tambi nene za supu, au sushi za mkanda unaozunguka, ambako mtoto wa kati hula mayai na mahindi tu na hakuna anayemshangaa. Kitu cha mwisho ni konbini, duka la saa 24, lililo karibu na hoteli. Nunua maziwa, maji, ndizi, na mipira ya wali ya akiba, kwa kuwa mtoto atakayeamka saa nane usiku ana njaa hasubiri kifungua kinywa.

Mapokezi watakuomba pasipoti waitoe nakala, kama huishi Japani, na huenda wakauliza namba ya gari. Wakati baba anaandika, mkubwa anatumwa kwenye meza ya ukumbini kuchukua miswaki, vitana na nguo za kulala. Hoteli nyingi siku hizi haziweki vitu hivyo chumbani. Hatagoya haitoi miswaki kabisa, beba yako. Chumbani, kadi ya mlango chomeka kwenye kijisanduku ukutani ndipo umeme uwake. Bonyeza na swichi ya friji, kwani mara nyingi huwa imezimwa na maziwa yatalala na joto. Viatu vinavuliwa mlangoni, hata kama sakafu ni zulia. Umeme ni volti 100 na plagi ni ya pini mbili bapa.

Kuhusu bafu: hoteli nyingi zina bwawa la pamoja la maji ya moto, wanaume kwao na wanawake kwao, na watu huingia bila nguo. Mimi siendi, na hakuna anayenilazimisha. Baba huenda na mkubwa, wanaoga kwanza kwa sabuni nje ya bwawa ndipo waingie. Mwenye nepi haingii. Mwongozo wa serikali wa 2020 unataka watoto kuanzia miaka 7 hivi wasiingie upande wa jinsia nyingine, kwa hiyo mama aliye peke yake na mvulana mkubwa apange kuoga chumbani. Beseni la chumbani ni dogo ila lina kina. Watoto wawili wanatosha, na kanga mbili zinakauka haraka kuliko taulo.

Kelele ndiyo hofu ya kila mzazi, na kuta kweli ni nyembamba. Omba chumba cha mwisho wa korido au cha ghorofa ya chini, mpokezi atakupa kama kipo. Jirani yako ni fundi atakayeamka saa kumi na moja alfajiri. Kitanda kisukume ukutani ikiwezekana, mito iweke ubavuni, taa ya bafuni iache ikiwaka na mlango umerudishwa. Sisi huzima taa zote saa mbili na nusu, wakubwa kwa wadogo. Mume wangu hulalamika kwamba hajazaliwa kulala na kuku. Basi yeye hupewa kazi ya kufua. Mashine ziko ukumbini au ghorofa fulani, zinakula sarafu za yen 100, na ukichelewa hadi saa tatu utakuta zote zimeshikwa na ovaroli. Kwa wanaoswali, kibla kutoka huku ni magharibi ikipinda kaskazini kidogo.

Kifungua kinywa kwenye hoteli za wasafiri wa kazi huanza saa kumi na mbili na nusu, na saa ile meza zote ni za mafundi. Teremka saa mbili. Kwa sisi tusiokula nguruwe, sosiji na bekoni ziache zilivyo. Kuna wali, mayai, samaki wa kuchoma, mkate. Ukitilia shaka kitu, tafuta herufi 豚, yaani nguruwe, kwenye kibandiko. Hatagoya kwao ni mkate, kahawa na juisi, na watoto wangu, wasiojua thamani ya supu ya miso, huona huko ndiko kwenye karamu.

Kutoka ni saa nne. Kabla ya kurudisha kadi, inua mashuka na uchungulie chini ya kitanda, maana midoli hupenda huko. Ikibaki, piga simu. Hoteli hutuma kwa kampuni ya vifurushi na wewe unalipa nauli unapopokea. Kama bado mko njiani, wape anwani ya hoteli ya usiku wa kesho, na uwaarifu wa kesho kwamba kuna kifurushi chenye jina lako kinakuja.