Kibanda cha Mlimani Hupimwa kwa Punda

Mpwa wangu anasoma Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwe. Mwezi wa kwanza alinitumia picha ya kibanda cha mbao kilichozama thelujini hadi madirishani, na chini yake akaandika: "Mjomba, kumbe na huku wana wazimu wako." Norwe ina nyumba za namna hiyo zaidi ya 400,000. Wenyewe huziita hytte, na nyingi hazina umeme wala bomba la maji. Mtu ana nyumba nzuri mjini, lakini Ijumaa anabeba chakula na kuni kwenda kulala kusiko na jirani. Nilicheka sana. Sasa naye anataka kujenga akirudi, karibu na kwangu, juu ya Kwosir kwenye mlima Elgon, upande wa Uganda, na ananiuliza aanzie wapi. Namjibu yeye, na mwingine yeyote mwenye wazimu huohuo.

Mimi ni sajini mstaafu wa mawasiliano. Kiinua mgongo changu kiliingia kwenye ekari moja na chumba cha mita 4 kwa 5 chenye baraza, mita 2,600 kutoka usawa wa bahari kwa kipimo cha simu. Gari linaishia senta. Kutoka hapo ni saa moja na nusu kwa miguu wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua usiulize.

Kwa hiyo usianze na ramani ya nyumba. Anza na njia, halafu punda. Punda mzima mwenye afya namtwika kilo 50, siongezi. Mfuko wa saruji nao ni kilo 50, ila huwezi kuulaza mgongoni ulivyo. Unaugawa kwenye magunia mawili, 25 huku na 25 kule, na unafunika kwa kavera, yaani plastiki, hata kama jua linawaka, kwa sababu ukungu wa mchana unagandisha saruji sawasawa na mvua. Mabati ya mita 3 hayapandi punda. Yanabebwa kichwani na vijana wawili, asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka, maana bati likishikwa na upepo kwenye mteremko linageuka bawa. Langu moja liliruka likatua kwenye shamba la viazi la mtu. Nililipa viazi. Vioo nilinunua sita mjini Mbale, vikafika viwili. Madirisha mengine ni ya mbao tupu mpaka leo, na chumba kina joto zaidi kwa sababu hiyo.

Kila kitu unachotaka kununua, andika pembeni yake ni punda wangapi. Kibanda changu kilikula safari 60 na ushee, na malipo ya wenye punda yalizidi bei ya mabati yote. Ndiyo maana kuta zangu ni za udongo na mawe ya palepale. Ningejenga kwa matofali ya kuchoma, ningekuwa bado nahesabu punda.

Sasa ardhi, na hapa nenda polepole. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ilitangazwa 1993, na ndani yake hujengi hata banda la kuku. Shida ni kwamba huku juu watu wanazungumzia mistari miwili ya mpaka, wa 1983 na wa 1993. Mwaka 1983 serikali iliwatengea Wabenet hekta 6,000 za msitu, wakashushwa kutoka malishoni juu wakapewa mashamba. Wapimaji waliporudi miaka kumi baadaye, wakakuta eneo lililogawiwa limezidi hapo. Wengine wakajikuta wamelima upande ambao sasa unaitwa hifadhi. Mwaka 2005 mahakama ilitambua kwamba Wabenet ni wenyeji wa asili wa mlima huu, lakini hilo halikumaliza ugomvi wa mpaka. Anayekuambia "hapa hakuna neno, toa hela" huenda anakuuzia kipande kilicho katikati ya mistari hiyo miwili, tena kwa bei ndogo ya kutamanisha.

Nilichofanya mimi: nilitembea mpaka wote kwa miguu nikiwa na muuzaji, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, majirani wa pande zote nne, na wazee wawili waliokuwepo 1983. Wazee walikumbuka kuliko karatasi. Halafu nikaenda kwa maofisa wa hifadhi kuwauliza waziwazi, nikiwa na alama za GPS mkononi. Ardhi nyingi huku ni ya kimila, na sheria inaitambua, unaweza kuiombea cheti. Mke wa muuzaji lazima akubali kwa maandishi ikiwa ni ardhi ya familia, na usikubali kuambiwa yuko safarini. Msubiri arudi. Mimi nilisubiri wiki tatu, na mama yule ndiye leo ananiuzia maziwa.

Ukishapata ardhi, usijenge. Piga hema ulale hapo mwezi wa tano, mvua ikiwa imekolea, usiku usiopungua watatu. Tazama maji yanapita wapi. Tarehe 1 Machi 2010, upande wa pili wa mlima huuhuu, kijiji cha Nametsi kule Bududa kilifunikwa na udongo pamoja na mamia ya watu. Mlima hutoa ishara kabla haujateleza: ufa mrefu unaokatiza mteremko, miti iliyopinda shina kama inataka kukaa, chemchemi iliyotokea mahali palipokuwa pakavu. Bonde dogo lenye umbo la bakuli linavutia kwa sababu limekingwa upepo, na hapo ndipo udongo hujikusanya ukalowa ukashuka. Chagua bega la mgongo wa kilima. Na usichimbe mteremko kwa nyuma ili upate uwanja mpana wa nyumba, maana huko ni kuukata mlima mguu halafu kulala chini yake. Uwanja wangu ni mwembamba, meza ya chai iko barazani. Kijito nacho kiachie mita 30 kila upande, ndivyo kanuni za mazingira zinavyotaka kwa mito midogo.

Bega la kilima lina upepo na radi. Upepo dawa yake ni paa la chini na waya wa kufungia mapaa kwenye nguzo, misumari peke yake haitoshi. Radi dawa yake ni fimbo ya shaba juu ya mlingoti ulio mbali kidogo na ukuta, na waya mnene wa shaba unaoshuka moja kwa moja ardhini. Jeshini tulifunga vitu hivyo kwenye kila antena, sikuona sababu ya kuacha kwangu.

Nguzo nilinunua za mtarakwa kwa mkulima aliyeupanda mwenyewe, nikachukua barua ya LC1 ili nisisimamishwe njiani. Mtarakwa hauozi haraka wala mchwa hauupendi. Kuta zangu zina unene wa sentimita 30. Zinakunywa jua mchana, zinalirudisha usiku. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi 6 hivi, kwa hiyo mtu wa Mbale akifika kwangu amepoteza nyuzi 9, na jioni utamwona anatafuta blanketi kabla ya chai.

Kosa langu kubwa lilikuwa dari. Nililala usiku wa kwanza chini ya mabati matupu, saa tisa usiku matone yakaanza kuniangukia usoni. Nikatoka nje na tochi, nyota tupu. Mvua ilikuwa pumzi yangu mwenyewe, imepanda, imegusa bati baridi, imerudi. Weka dari ya mkeka wa mianzi na uache nafasi ya hewa kati yake na bati. Bomba la moshi linapopenya, mkeka ukae mbali nalo sentimita 30 na hapo uweke bati tambarare.

Jiko langu ni nusu ya pipa lililochomelewa na fundi Mbale, lenye mlango, miguu na bomba. Alitoza kidogo, punda akatoza zaidi. Linapasha chumba na kupika kwa kuni zilezile. Lakini mwaka wa kwanza, kabla halijafika, niliingiza sigiri ya makaa ndani nikafunga mlango kwa sababu ya baridi. Niliamka kichwa kinapasuka, miguu haina nguvu, nikatambaa mpaka nje nikatapika. Mbwa ndiye aliyeniamsha kwa kukwaruza mlango. Hewa ile ya sumu haina harufu wala moshi. Sigiri isilale ndani na mtu, hata "kwa dakika tano". Na hata ukiwa na bomba zuri, acha tundu la ukubwa wa tofali karibu na sakafu na lingine juu.

Kuhusu chakula: maji huku yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, siyo 100. Maharage yatakaa motoni mpaka usahau kwamba una njaa. Nunua sufuria ya presha hata kama huna kitu kingine, na loweka maharage tangu jana yake. Viazi viko kila mahali. Posho inaiva vizuri tu ukikubali kusonga zaidi.

Umeme ndio somo langu, mpwa wangu anajua, lakini nitajizuia. Kwao Tromsø jua halichomozi tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, paneli ni pambo. Sisi tuna saa 12 za mwanga mwaka mzima, ila tatizo letu ni kwamba mlima huvaa wingu baada ya saa saba mchana. Basi paneli usiielekeze juu kabisa, ielekeze mashariki kidogo ikamate asubuhi, na uiinamishe nyuzi 15 ili mvua iioshe. Paneli yangu ni ya wati 200. Nahesabu saa 3 tu za jua kamili, yaani saawati 600 kwa siku njema. Matumizi yangu ni taa tatu za wati 5 kwa saa tano, simu mbili na redio, jumla kama 135. Betri ni ya volti 12, amp-saa 100, ya madini ya risasi, na ya namna hiyo usiimalize zaidi ya nusu, kwa hiyo nina 600 za kweli. Hizo ni siku nne za ukungu bila giza. Sina inveta, kila kitu kinakula volti 12 moja kwa moja. Fundi wa kwanza alinifungia waya mwembamba kama wa kengele, taa ya mwisho ikawa inawaka kama sigara. Waya mnene, mfupi. Mpwa wangu anapenda betri za lithiamu kwa sababu ni nyepesi kwa punda, na hapo yuko sawa, mradi asizichaji zikiwa chini ya nyuzi 0.

Maji nayavuna. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa langu na ukingo wake ni mita za mraba 30, kwa hiyo mvua moja nzito ya milimita 20 inaniletea lita 600, toa kidogo zinazoruka. Kinachoamua ukubwa wa tangi ni kiangazi, Desemba hadi Februari: siku 90 kwa lita 20 ni lita 1,800, nikanunua la 2,000. Halikupanda punda. Vijana wanne walilifunga kwenye miti miwili kama mgonjwa anayepelekwa zahanati, na njiani watu waliuliza nani amefariki. Mvua ya kwanza ya msimu imwage yote, imeosha kinyesi cha ndege.

Choo cha shimo kiwe chini ya chanzo cha maji, mita 30 mbali, na njia yake iwe na kamba ya kushika usiku wa ukungu. Utanishukuru.

Kuondoka nako kuna utaratibu. Natoa majivu yote na kuyamwagia maji. Nakata betri kwenye matumizi, naiacha kwenye paneli. Unga na blanketi naweka kwenye pipa lenye kifuniko, panya wa huku wanafungua kila kitu kingine. Kuni kavu za usiku mmoja naziacha kando ya jiko na kiberiti ndani ya chupa, kwa sababu mara nyingi nafika nimelowa na vidole havikunjiki. Ufunguo mmoja ninao mimi. Wa pili anao jirani, mama wa maziwa, ambaye mara moja nilikuta amemlaza ndani mchungaji wa kondoo aliyekamatwa na mvua ya mawe. Kuni zilikuwa zimekwisha, lakini mlangoni paliachwa kikapu cha viazi.