Studio ya Kurekodi Nyumbani: Anza na Chumba, Maiki Itafuata

Anayetaka kujenga studio nyumbani huuliza kwanza anunue maiki gani. Mimi humrudishia swali: utarekodia chumba gani? Maiki ya bei kubwa ndani ya chumba kinachorudisha sauti itakunasia huo mwangwi kwa uaminifu wote, na ni vigumu programu kuuondoa bila kuijeruhi sauti yenyewe. Ndiyo maana hapa tunaanza na kuta, vifaa vinakuja baadaye.

Hatua ya 1: Kisikilize chumba

Simama katikati upige kofi moja kavu. Ukisikia mlio mwembamba unaotetemeka baada ya kofi, ni sauti inayorukaruka kati ya kuta mbili zinazotazamana. Kisha nyamaza dakika nzima: feni, friji, magari, jirani. Usilolizingatia kwa masikio, maiki italizingatia.

Ukiwa na uhuru wa kuchagua, epuka chumba cha mraba. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo kuta zilizoachana mita 3.4 hivi huvimbisha besi kwenye Hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), halafu 100, halafu 150. Urefu na upana vikilingana, uvimbe wa pande zote mbili unaangukia noti zilezile: noti moja ya gitaa la besi inanguruma, inayofuata haisikiki. Chumba cha kulala chenye godoro, kabati la nguo na mapazia mazito huishinda sebule kubwa yenye sakafu ya vigae.

Hatua ya 2: Tuliza sauti ndani ya chumba

Kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kuzuia sauti isitoke wala isiingie kunahitaji uzito na kuziba nyufa: mlango mzito, mpira kwenye fremu, ukuta mnene. Kutuliza sauti inayozunguka humo ndani kunahitaji kitu kinene chenye vinyweleo, kinachopitisha hewa. Trei za mayai hazifanyi hata moja kati ya hizo, ingawa zinapendeza kwenye picha. Sponji nyembamba ya sentimita 2 au 3 nayo hunyonya sauti za juu peke yake. Ukibandika ukuta mzima, unabaki na chumba kilichofifia juu na kinachovuma chini.

Tengeneza paneli mwenyewe. Piga fremu ya mbao, jaza pamba ya mawe yenye unene wa sentimita 10, funika kwa kitambaa. Kitambaa kipime kwa mdomo: ukipuliza na pumzi ikapita, kinafaa. Vaa glavu na barakoa unapoikata hiyo pamba, maana vumbi lake linawasha. Paneli nene zaidi ziende kwenye pembe za chumba, ambako besi hujikusanya. Zile za kuta za kando, acha nafasi ya sentimita kadhaa kati ya paneli na ukuta. Nafasi hiyo inakuongezea nguvu kwenye sauti za chini bila gharama.

Pa kuziweka utapajua kwa kioo. Kaa kwenye kiti chako cha kazi, mwenzako atembeze kioo ukutani. Popote unapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo paneli inapokaa.

Hatua ya 3: Meza na spika

Spika mbili na kichwa chako viunde pembetatu yenye pande sawa, spika ndogo za sauti za juu zikiwa usawa wa masikio. Elekeza meza kwenye ukuta mfupi ili sauti irushwe kwa urefu wa chumba. Usikae katikati kabisa. Anzia kwenye asilimia 38 ya urefu kutoka ukuta wa mbele, kisha sogea kidogokidogo ukisikiliza besi.

Hatua ya 4: Vifaa

Orodha ni fupi: kompyuta, kadi ya sauti ya nje (kisanduku kinachoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta) yenye matundu mawili ya maiki, maiki moja, hedifoni zilizofungwa nyuma, kebo ya maiki yenye pini tatu (XLR), stendi isiyoyumba na kichujio cha pumzi. Spika zinaweza kusubiri.

Kwa maiki, chumba ndicho kinachoamua kati ya aina mbili kuu, kondensa na dainamiki. Kondensa hunasa mambo madogo kabisa, pamoja na friji ya jikoni. Dainamiki unaikaribia, nayo inakuwa ngumu kidogo kusikia mambo ya mbali. Kati ya dainamiki, Shure SM57 ilitoka 1965 na SM58 ikafuata 1966; zote mbili bado zinafanya kazi studioni na jukwaani, na kwenye chumba chenye kelele ningechukua mojawapo kabla ya kondensa ya bei rahisi.

Kondensa nyingi huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi. Chomeka kebo kwanza, shusha sauti ya spika na hedifoni, ndipo uwashe.

Hatua ya 5: Kompyuta

Programu za kurekodi ni nyingi: Reaper, Ardour, Logic Pro, chagua moja uijue vizuri. Msikilizaji hatajua ulitumia ipi. Kwenye Windows weka draiva ya ASIO (programu inayounganisha kadi na kompyuta bila kuchelewesha sauti sana) iliyotengenezwa kwa ajili ya kadi yako. Rekodi kwa biti 24 (usahihi wa kila kipimo cha sauti), na kasi ya sampuli, yaani idadi ya vipimo kwa sekunde, 44,100 au 48,000. Zaidi ya hapo unajaza diski tu.

Kisha bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukichakata; ndicho kinacholeta ucheleweshaji. Gawanya ukubwa wake kwa kasi ya sampuli: sampuli 128 kwa 48,000 ni chini kidogo ya milisekunde 3, na sampuli 1,024 ni zaidi ya 21. Mwimbaji anayesikia sauti yake ikichelewa hivyo huanza kuburuta mdundo bila kujua sababu. Tumia bafa ndogo wakati wa kurekodi, kubwa wakati wa kumiksi. Kompyuta ikikwaruza kwa bafa ndogo, washa usikilizaji wa moja kwa moja kwenye kadi, ili sauti iende kwenye hedifoni bila kupitia kompyuta.

Hatua ya 6: Weka maiki

Maiki nyingi za kuimbia husikia mbele na kuziba masikio nyuma. Basi mgongo wa maiki uelekee kwenye kelele, iwe feni ya kompyuta au dirisha. Na kwa kuwa inamtazama mwimbaji, ukuta inaousikia zaidi ni ule ulio nyuma ya huyo mwimbaji. Blanketi zito au paneli mbili nyuma ya mwimbaji zinasaidia kuliko kitu chochote utakachozungushia maiki, pamoja na zile ngao za sponji zinazouzwa kwa mbwembwe.

Anza na sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kichujio kikiwa katikati. Mwimbaji akikaribia zaidi, besi inaongezeka: sauti nyembamba inapata mwili, sauti nzito inakuwa matope. Akirudi mara mbili ya umbali, sauti ya moja kwa moja inashuka kama desibeli 6 huku mwangwi ukibaki palepale, na hapo ndipo rekodi inapoanza kunuka chumba. "P" na "B" zikilipuka, geuza maiki kidogo pembeni ili pumzi ipite kando.

Hatua ya 7: Kiwango, kisha jaribio

Mwambie aimbe sehemu yenye nguvu kuliko zote, siyo "moja, mbili, jaribu". Rekebisha geini (kitufe cha kukuza sauti ya maiki kwenye kadi) vilele vifike kati ya desibeli -12 na -10. Biti 24 zina nafasi ya kutosha chini. Juu ya sifuri hakuna nafasi, na sauti iliyokatwa haiungiki.

Rekodi sekunde kumi za ukimya, halafu ubeti mmoja. Sikiliza ukimya kwa hedifoni. Ukisikia mngurumo wa chini usiokoma, chomoa chaja ya laptopu uone kama unakoma. Usipokoma, hamisha kebo ya maiki mbali na nyaya za umeme, na vifaa vyote vichomekwe kwenye soketi moja ya ukutani. Ukimya ukiwa safi, hifadhi mradi huo mtupu kama kiolezo, nakili kwenye diski ya pili, na umwite mwimbaji.