Kufunga difu ya nyuma kwa kuchomelea

Hapa gia ndogo za ndani ya difu zinachomelewa zishikane, ili magurudumu yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Hii ni ya gari la shamba au la matopeni tu. Toa eksel zote mbili, shusha difu, uoshe gia ndogo za ndani kwa petroli, kisha kwa maji moto na sabuni ya unga. Ikaushe kabisa. Mafuta yakibaki kwenye meno, weldi hujaa vitundu kama andazi na hupasuka.

Waya wa ethi wa mashine ya weldi ubane kwenye nyumba ya gia hizo yenyewe, la sivyo umeme utapita kwenye beringi na kuziharibu. Krauni (gia kubwa ya difu) na beringi zifunike kwa kitambaa kibichi. Pasha gia moto hadi nyuzi 200 hivi, tumia vijiti vikavu vya kuchomelea vya 7018, piga kipande kifupi, geukia upande wa pili. Usiguse meno ya ndani yanayopokea eksel. Ukimaliza ifukie kwenye jivu kavu ipoe taratibu. Ukiimwagia maji, chuma kinakuwa kama kioo.

Gonga magamba yote ya weldi yatoke, weka oili ya 80W-90, na baada ya siku chache imwage uweke mpya, maana chembe za weldi hula beringi.

Lami usiipande: kwenye kona tairi huburuzwa, eksel hujipinda hadi ikakatika, na mvua ikinyesha mkia wa gari huteleza.

Kama unakwama mara mojamoja tu, vuta breki ya mkono nusu huku ukikanyaga mafuta polepole. Gurudumu linalozunguka bure hubanwa, lenzake hupata nguvu. Breki hiyo lazima ikamate magurudumu ya nyuma. Land Rover Defender za zamani hukamata propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu), kwa hiyo hapo haisaidii.