Somo: Kuanza Usafirishaji wa Mizigo kwa Lori Moja la Kwako Mwenyewe

Ndugu wanachama, wengi wanaoniuliza habari za kumiliki lori huanza na aina ya gari, kama ni Scania au Howo, ilhali swali linaloamua kama biashara itafika mwaka wa pili ni hili: baada ya kulipia gari, umebaki na fedha kiasi gani? Nilikuwa dereva wa kuajiriwa kwa miaka kumi na moja kabla ya kununua kichwa (sehemu ya mbele yenye injini) na tela vilivyotumika, na kosa langu la kwanza lilikuwa kumaliza akiba yote siku hiyo hiyo. Lori halikuharibika. Lilikaa Tabata, Dar es Salaam, wiki tano likiwa zima, kwa sababu mwenye mzigo wa safari ya kwanza alikuwa hajanilipa na mimi sikuwa na fedha ya dizeli ya safari ya pili.

Hatua ya kwanza: fedha ya mzunguko

Katika kazi hii hupewa nauli yote mkononi mara chache sana. Unalipwa sehemu wakati wa kupakia, na salio hutoka baada ya kurudisha hati ya makabidhiano iliyogongwa muhuri, ambapo "wiki mbili" za mdomoni huweza kugeuka miezi miwili. Kwa hiyo tenga fedha ya safari mbili kamili kabla hujaanza hata kutazama magari.

Piga hesabu hivi. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ni kilomita 930 hivi. Semi yangu, yaani kichwa kikiwa na tela lake, ikiwa na mzigo huenda kilomita mbili kwa lita, na ikiwa tupu kilomita tatu. Basi kwenda ni lita 465 na kurudi bila mzigo ni lita 310, jumla lita 775. Zidisha kwa bei kikomo ya dizeli inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ukikumbuka kwamba bei hiyo hubadilika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kwamba nauli mliyokubaliana tarehe 28 inaweza kukuumiza endapo utajaza mafuta baada ya Jumatano hiyo. Ongeza posho ya dereva na utingo, maegesho, na tairi walau mbili, maana tairi haisubiri ulipwe ndipo ipasuke.

Hatua ya pili: gari na karatasi zake

Nenda na fundi wako mwenyewe, asiye na undugu na dalali, na gari lijaribiwe likiwa na mzigo, kwa kuwa injini iliyochoka huficha uchovu wake kwenye barabara tambarare ya Mandela na kuutoa hadharani kwenye mlima Kitonga. Kadi ya gari ihakikiwe TRA (mamlaka ya mapato) kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba: namba ya chesesi na ya injini zilingane na zilizo kwenye chuma, na ijulikane kama gari limewekwa dhamana ya mkopo. Tela lina kadi yake, na hapo ndipo wanunuzi wengi husahau. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, kisha ubadilishe umiliki mara moja.

Hatua ya tatu: usajili, leseni na bima

Hapa hapana maajabu. Unahitaji TIN (namba ya mlipakodi), jina la biashara au kampuni kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, leseni ya usafirishaji wa mizigo ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, mashine ya EFD ya kutolea risiti kwa kadiri TRA watakavyokuelekeza, na ukaguzi wa gari. Bima ya mtu wa tatu inatakiwa kisheria, lakini hailipi lori lako likianguka, wala mzigo wa mwenzio ukilowa au kuibwa. Bima ya mzigo ulio safarini hukatwa peke yake. Stika ya bima ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwani stika bandia zipo.

Hatua ya nne: mizani

Sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima, lakini usidanganyike na namba hiyo, kwa kuwa ni ya gari lenye ekseli saba, yaani mihimili saba inayoshika magurudumu. Semi ya kawaida ya ekseli sita, yenye tairi mbili mbili kila upande isipokuwa mbele, huruhusiwa tani 8 kwenye ekseli ya mbele ya usukani, 18 kwenye ekseli mbili za kichwa na 24 kwenye ekseli tatu za tela, yaani tani 50 pamoja na uzito wa gari lenyewe.

Isitoshe, kila kundi la ekseli hupimwa kivyake. Niliwahi kupakia mahindi nikiwa chini ya jumla inayoruhusiwa, lakini vibarua walikuwa wamerundika magunia upande wa mbele, nami nikatozwa faini kwa uzito uliozidi kwenye ekseli za kichwa. Tangu hapo husimamia upakiaji mwenyewe hadi gunia la mwisho, na nikiwa na shaka hupima kwenye mizani ya kulipia kabla ya kutoka mjini, kwa sababu ukishafika mizani ya serikali ya Vigwaza kupanga upya ni gharama na aibu.

Hatua ya tano: mzigo na makubaliano

Kuwa na madalali wawili watatu, na ujitambulishe mwenyewe kwa mawakala wa forodha. Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja, yakitaja nauli, malipo ya awali, tarehe ya salio, na kiasi utakacholipwa kwa kila siku ya kusubiri kushusha baada ya siku mbili za kwanza. Kipengele hicho cha mwisho wenye mizigo hukipinga kuliko vyote. Ukiona mtu amekikataa katakata, ujue anapanga kuligeuza lori lako kuwa ghala lake.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi nina uwezo wa Fuso tu, lori dogo lisilo na tela. Nianze nayo au nisubiri semi?*

Anza nayo, ndugu yangu. Fuso hubeba nafaka kutoka Makambako au Iringa hadi soko la Tandale, Dar es Salaam, wafanyabiashara wa huko mara nyingi hulipa mkononi, na tairi sita hazifilisi kama ishirini na mbili.

*Shikamoo mwalimu. Je, niendeshe mwenyewe au niajiri dereva?*

Marahaba. Kama una leseni ya daraja linaloruhusu malori, endesha mwenyewe miezi sita ya mwanzo, ili ujue lita halisi za kila safari. Ukishazijua, dereva utakayemwajiri umpe mshahara, na posho ya safari iwe kando, kwani dereva asiye na posho ya chakula ataila dizeli yako.

*Kaka, vipi kuhusu Zambia na Kongo? Nasikia nauli ni nzuri.*

Nauli ni kubwa, lakini fedha yako hukaa nje muda mrefu zaidi. Utahitaji kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya mtu wa tatu inayotambulika nje ya nchi, pasipoti, kibali cha kubeba mizigo ya transiti, na ushuru wa barabara za kule. Kisha foleni ya Tunduma, na ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, kwa anayekwenda Kongo, zinaweza kumeza siku kadhaa. Mimi nilivuka mpaka kwa mara ya kwanza katika mwaka wa tatu, nikiwa na akiba ya safari tatu benki, na bado safari hiyo ilinirudisha nyumbani baada ya siku ishirini na sita.