Mayai ya kubeba: namna ya kufunga yai la asubuhi likaliwa saa nne na bado likawa tamu

Mimi napika vitafunwa vya asubuhi hapa Dar, wateja wangu wengi ni madereva wa bodaboda na wadada wa ofisini wanaotoka nyumbani saa kumi na moja hawajatia kitu tumboni, na kitu kinachotoka zaidi kwangu ni mayai. Nilianza kama wote, yai la kuchemsha na chumvi kwenye kijikaratasi, haikupita hata wiki mbili watu wakaanza kuniambia dada mayai nimeyakinai, niletee kitu kingine. Nikafanya jambo moja ambalo ningetakiwa kulifanya siku ya kwanza, nikachukua yai langu mwenyewe nikalifunga saa kumi na moja nikalila saa nne, baridi, bila chai. Kiini kikavu kinagandia kwenye ufizi, na ukifungua kopo tu harufu inatangulia. Hapo ndo nikajua watu hawajakinai yai, wamekinai lile yai lililopikwa kupita kiasi alafu likafungiwa likiwa la moto.

Kwa iyo kwenye mwongozo huu kila hatua inapambana na vitu vitatu, ukavu, harufu na maji. Ukivishika hivyo hata mapishi mengine utayabuni mwenyewe.

Hatua ya 1: chemsha kwa saa, sio kwa kukisia

Hapa nitakaa kidogo mana ndo penye siri yote. Chemsha maji kwanza mpaka yatokote, yawe yanatosha kufunika mayai na kuzidi kama vidole viwili, alafu uteremshe mayai moja moja kwa kijiko. Usiyaweke kwenye maji baridi ukaanza nayo, yai linalokutana na maji yanayochemka linamenyeka vizuri zaidi, ukianza na maji baridi ule ute unashikana na ngozi ya ndani ya ganda ndo unamenya yai linatoka na mashimo. Punguza moto kidogo yasigongane, angalia saa. Kwa yai la kisasa la kawaida dakika 10 zinatosha, kiini kinakuwa kimeiva lakini bado kina unyevu katikati na rangi yake ya dhahabu. La kienyeji ni dogo, litoe likifika dakika 8 au 9. Hayo mayai ya kiini cha kutiririka ya dakika 6 ni matamu sana ila uyale mezani hapo hapo, usiyafunge kwenye kopo, na mjamzito au mtoto mdogo usimpe kabisa.

Hizi dakika ni za huku pwani. Kama uko Mbeya au Nairobi, miji ile iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huko yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa iyo ongeza dakika mbili. Nina mteja alihamia Mbeya akanipigia analalamika mayai yake yanatoka mabichi na anafuata kila kitu nilichomwambia, kumbe ni mlima tu.

Ukishatoa, tia kwenye maji ya baridi saa hiyo hiyo, ukipata barafu ndo vizuri zaidi, yakae dakika 10. Wengi wanairuka hatua hii. Yai ukilitoa kwenye moto linaendelea kujipika ndani, na lile duara la kijani linalozunguka kiini ni salfa ya kwenye ute imekutana na madini ya chuma ya kwenye kiini kwa sababu ya joto kukaa muda mrefu. Halina madhara, lakini ukiliona ujue na ile harufu nzito ipo, zinatokea pamoja. Maji baridi yanazuia vyote viwili.

Na kingine, yai la leo leo halimenyeki hata ufanyeje. Yai likikaa siku kadhaa hewa ya ukaa inatoka taratibu kupitia vitundu vya ganda, ute unapunguza asidi yake na unaachia ngozi kirahisi. Kama unafuga kuku wako mwenyewe yaache ya kuchemsha yafikishe wiki, yale mapya kaangia. Kumenya anzia kwenye kitako kinene, ndo penye mfuko wa hewa, na menya ndani ya bakuli la maji ili vipande vya ganda vibaki humo.

Hatua ya 2: kiini kipe mafuta na ukali

Kiini cha yai baridi hakitaki chumvi peke yake, kinataka kitu cha kukilainisha na kitu chenye uchachu. Kwa mayai manne mimi natumia robo ya parachichi lililoiva, ndimu nusu, kitunguu maji kidogo nimekikatakata vidogo kabisa na kukiosha kwa chumvi ili ukali wake upungue, pilipili manga na chumvi. Yapasue mayai kwa urefu, usiyatenganishe kabisa, yaachie upande mmoja yawe kama kitabu. Toa viini kwa kijiko kidogo, viponde na hivyo vitu vyote mpaka viwe laini, rudisha ndani, funga yai. Parachichi linashika nafasi ya mayonezi, na kwenye joto letu mayonezi kwenye kopo inanipa wasiwasi. Ndimu inafanya kazi mbili, uchachu na kuzuia parachichi lisigeuke kahawia. Kisha kila yai livishe jani la saladi lililokaushwa vizuri kwa kitambaa, lisiteleze na mkono usichafuke, mana mtu wa bodaboda anakula amesimama na mkono mmoja.

Ukitaka ya kwetu kabisa, badala ya parachichi weka chachandu nzito ya ukwaju. Loweka ukwaju kwa maji ya moto kidogo sana, kamua, chemsha na pilipili, kitunguu saumu, chumvi na sukari nusu kijiko mpaka iwe nzito kama asali. Ikiwa nyepesi itavuja. Kijiko kimoja cha chai kwa yai kinatosha. Chatine ya nazi nayo inaenda sana na yai, mwanzoni niliiuza watu wakaipenda mno ila nazi mbichi inachacha haraka kwenye joto, sasa naitengeneza siku ambayo najua mtu anakula ndani ya saa moja tu.

Nairobi wao wana mayai pasua, yai linapasuliwa linajazwa kachumbari na pilipili unakula pale pale kwenye kitoroli. Ni tamu kweli na ni wazo zuri, ila ukitaka kubeba, kachumbari hiyo inatoa maji. Katakata nyanya utoe mbegu na ule uji wake, vitunguu vioshe ukamue, changanya na dania, weka kwenye kikopo chake pembeni na chumvi utie wakati wa kula. Chumvi ndo inayotoa maji, ukiitia asubuhi saa nne unakuta supu.

Hatua ya 3: chapati mayai inayokunjwa

Waganda wanaiita rolex, imepata jina kubwa kwa wauza chapati wa Kampala pale Wandegeya jirani na chuo cha Makerere, wanafunzi wanataka chakula cha haraka cha kushiba na bei ndogo. Huku kwetu mtu anaweza akala chapati na kimanda kwenye sahani moja asiwaze kuvikunja, na kuvikunja ndo kunafanya kiwe chakula cha safari.

Chukua mayai 2 kwa chapati moja. Piga na chumvi, kitunguu, karoti ya kukuna kidogo, hoho, na kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi, usijaze mboga zikazidi mayai hayatashikana. Tia mafuta kijiko kimoja kwenye fraipani, moto wa wastani, mwaga mayai yaenee yawe na upana sawa na chapati. Sasa subiri chini kushike huku juu bado kumelowa, hapo ndo unalaza chapati juu yake unakandamiza kwa mkono au mwiko, ile mbichi ya juu ndo gundi. Geuza, acha chapati ipate moto dakika moja, epua.

Usikunje hapo hapo. Hili kosa nimelifanya miezi mingi, nilikuwa nakunja ya moto nafunga kwenye foili naona najali wateja wale cha moto, matokeo yake mvuke unakosa pa kutokea unageuka maji, chapati inakuwa kama imelowekwa. Iweke juu ya wavu au hata juu ya ungo dakika tano mpaka mvuke uishe, ndo upange vipande vya nyanya visivyo na mbegu, kunja kwa nguvu, funga kwa karatasi ya kaki, kata katikati. Kaki inapumua kidogo, foili haipumui. Na gazeti usifungie chakula kabisa, wino unahamia kwenye mafuta, wengi bado wanafunga hivyo hasa tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku hapa Tanzania mwaka 2019.

Hatua ya 4: kimanda cha viazi cha kukata vipande

Kila mtu anajua chipsi mayai, na kila mtu aliyewahi kubeba chipsi mayai anajua inavyokuwa baada ya saa mbili, chipsi zimelegea na mafuta yameganda. Tatizo ni kukaanga viazi kwenye mafuta mengi. Chemsha badala yake. Viazi vitatu vya wastani kata vipande vidogo vya mraba, chemsha na chumvi na bizari vikaribie kuiva, mwaga maji, virudishe kwenye sufuria kavu juu ya moto dakika moja vikauke. Kaanga kitunguu kwa mafuta vijiko viwili, changanya viazi, acha vipoe kidogo, alafu umwagie mayai 6 yaliyopigwa na pilipili manga. Rudisha kwenye fraipani ndogo ili kiwe kinene, moto mdogo kabisa, funika dakika 10 mpaka juu kushikane, kisha funika kwa sahani pindua na urudishe upande wa pili dakika tatu.

Hiki hakitaki haraka, mimi nakipika usiku nakiacha kipoe kinaingia friji, asubuhi nakata vipande vya pembetatu. Kwangu hiki ndo namba moja kwa watoto wa shule, hakivuji na hakinuki, kinaliwa kikiwa baridi na kiazi kinashibisha. Mchicha ukitaka uweke, uchemshe kidogo na uukamue mpaka usitoe hata tone.

Kuna na eggchop, yai zima limevikwa nyama ya kusaga au viazi likachovywa kwenye chenga za mkate likakaangwa. Linabebeka vizuri sana, ila ni kazi ya jumapili, kwa asubuhi ya jumatatu sikushauri.

Hatua ya 5: kufunga na kusafiri nayo

Chakula cha yai kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, ambalo Dar mwezi wa pili ni jambo la kila siku, saa moja tu. Najua mtu anatoka saa kumi na moja anakula saa nne, hesabu hiyo haiendi yenyewe. Ninachofanya, na nawaambia wateja wangu wote wafanye, ni chupa ndogo ya maji iliyoganda kwenye friza usiku, unailaza kwenye begi imegusana na kopo, vimezungushiwa taulo. Ikifika saa nne yai bado la baridi na maji yameyeyuka unayanywa. Kama ofisini kuna friji weka humo ukifika tu. Kama huna namna ya ubaridi basi kula ukifika, usisubiri.

Kila kitu kipoe kabisa kabla ya kufunika kopo, narudia mana hapa ndo harufu inapozaliwa, mvuke wa yai ukifungiwa ndo ule unaomfanya jirani yako kwenye daladala afungue dirisha. Ndani ya kopo tandika kipande cha tishu au kitambaa safi kinywe unyevu. Mayai ya kuchemsha ambayo hujamenya yanakaa friji wiki nzima, kwa iyo jumapili chemsha ya kutosha, weka alama kwa penseli usiyachanganye na mabichi, na asubuhi kazi yako ni kumenya na kujaza, dakika tano.

Na kopo lenyewe likirudi jioni usilikimbizie maji ya moto, mabaki ya yai yanaiva yanaganda kwenye plastiki. Suuza kwa maji baridi kwanza, ndo uje na sabuni na maji ya moto, pitisha ganda la ndimu uliyokamua asubuhi, na uliache wazi likauke mpaka kesho.