Ukitaka simbilisi, chukua majike wawili

Simbilisi akikaa peke yake hunyong'onyea, hata umjengee banda zuri namna gani. Ni mnyama wa kundi, na huko Uswisi sheria inakataza kumfuga mmoja peke yake tangu 2008. Kwa hiyo nunua wawili. Kwa anayeanza, nashauri sana wawe majike, hasa ndugu waliokua pamoja. Madume wawili nao huelewana wakiwa na nafasi ya kutosha, ila jike akiletwa karibu hugombana.

Kinachowaponza wengi ni jinsia. Usitosheke na neno la muuzaji. Mwombe amgeuze kila mmoja ujionee. Ukibonyeza taratibu juu kidogo ya tundu la sehemu za siri la dume, uume hujitokeza. Kwa jike utaona umbo kama herufi Y tu. Usione haya kukagua, maana jike anaweza kushika mimba akiwa na mwezi mmoja tu, umri ambao ni hatari kwake kuzaa mapema hivyo. Uliza pia kama majike hao walikuwa banda moja na madume. Mimba huchukua siku 59 hadi 72, na wawili uliowanunua wanaweza kuwa sita.

Usimweke simbilisi na sungura, si mwenzake. Teke moja la sungura linaweza kumjeruhi vibaya. Na kila siku wapatie nyasi, majani mabichi na kipande cha pilipili hoho, kwa sababu miili yao haitengenezi vitamini C.